Siku nane za mashua, kutoka Kizingitini hadi shindano la Shela

Mashua ya safari hii ina futi 30 kutoka gubeti, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, mlingoti wa futi 22 ulioinamia mbele, foromali, mti unaobeba tanga, ya futi 36, na tanga la marduf, kitambaa kizito cha pamba, la kama mita za mraba 40. Siku nyingine za mwaka hubeba samaki, mchanga na mawe ya kujengea kutoka Manda. Kwa hiyo haikuundwa kwa mbio, na hilo ni kweli kwa karibu mashua zote zinazoshindana Lamu. Msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ukishika, kuanzia Desemba, chombo kile kile kilichobeba mawe hupunguzwa uzito, husuguliwa, hushonewa tanga na kupelekwa kwenye mstari.

Siku hapa zimehesabiwa kwa mwezi wa kuandama, kwa sababu ndivyo maji yanavyohesabika. Kwenye visiwa vya Lamu, mwezi ukiandama maji hujaa baina ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Ajuaye leo ni mwezi ngapi anajua pia saa ya kupita njia ya Siyu, ule mfereji baina ya Pate na bara, saa ya kulaza chombo, na boya gani litakuwa na maji chini yake.

Siku ya 1, mwezi 25. Kizingitini hadi Mtangawanda

Maji yalikupwa kabla ya saa 1 asubuhi na yalitarajiwa kujaa karibu na saa 7 mchana. Umande, upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ulikuwepo, lakini hakukuwa na maana ya kuutumia: anayeondoka na umande hufika njia ya Siyu maji yakiwa bado machanga, akakaa juu ya tope akiwatazama kunguru. Nanga iling'olewa saa 3.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, ilikuwa viroba sita tu vya mchanga, kila kimoja kama kilo 30, vyote chini kabisa pembeni mwa mkuku, uti wa chini wa chombo. Kwa uzito huo mashua inazama futi mbili na kitu. Ikiwekwa farumi kamili ya kubishia, yaani ya kwenda dhidi ya upepo, inazama futi tatu, na bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, ingali mbali: mwezi 25 maji hujaa kwa uvivu.

Kutoka Faza kuelekea magharibi kaskazi huja kwa nyuma, upande wa kulia. Watu wengi hudhani huu ndio upepo rahisi. Ndio unaovunja vitu. Tanga likiwa limeachiwa nje kabisa, mashua huyumba kushoto na kulia, ncha ya foromali hushuka hadi kugusa maji, na ikigusa wakati chombo kina mwendo, kitu fulani lazima kikubali kukatika. Dawa yake ni tatu kwa pamoja: watu wanne wakae tezini, kamba ya goshi, pembe ya mbele ya tanga, ivutwe chini ili mguu wa foromali usiinuke, na demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, isiachiwe yote. Mkono mmoja wa kamba ubaki umekazwa hata kama mwendo utapungua kidogo.

Baada ya Faza foromali ilianza kulia. Mti wa foromali hii ni mivinje miwili iliyopandana kwa futi nane katikati na kufungwa mahali patatu. Fundo la chini lilikuwa limefungwa kwa kamba mpya ya nailoni, na nailoni mpya hunyooka ikipata joto na mzigo. Tanga liliteremshwa, likafunguliwa fundo hilo peke yake, kamba ikalowekwa, ikazungushwa upya mara kumi na nne huku mtu akiikanyaga kila mzunguko, kisha kabari mbili za mkoko zikagongwa baina ya miti. Kazi ya dakika 40. Kamba ya zamani iliyokwisha kunyooka ni bora kwa foromali kuliko mpya ya dukani, na fundi yeyote wa Pate atakwambia hivyo kabla hujamuuliza.

Njia ya Siyu ilipitwa saa 6 kasoro, mikoko pande zote, mtu mmoja gubetini akipima kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, na kutaja kina kwa mikono. Mtangawanda saa 8.

Siku ya 2, mwezi 26. Mtangawanda hadi Matondoni

Kujaa, saa 8 kasoro robo. Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, unataka chombo kiingie kati ya saa moja kabla ya kujaa na nusu saa baada yake. Ghuba ya Manda ilivukwa kwa tanga zima, kaskazi ikisukuma.

Upande wa bara sasa kuna bandari kubwa ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilianza kazi Mei 2021. Meli ikiwa inaingia, mashua isijaribu kukata mbele yake hata kama upepo unaruhusu. Meli haiwezi kugeuka, na kivuli chake cha upepo hulilegeza tanga ghafla, likarudi na kishindo mara meli inapopita. Tanga linaloshtuka hivyo hupasuka kwenye mshono wa pili kutoka nyuma, pale ambapo mzigo wa demani unaingia kitambaani.

Ndani ya Mkanda upepo huvunjwa na mikoko. Hapa ni upondo, watu wawili kila upande, na tanga liachwe juu likamate kile kinachopita juu ya miti. Boti za injini hupita kwa kasi na mawimbi yao hurudi mara mbili kutoka kingo. Asiyekaza shikio, usukani wa nyuma, hupigwa kifuani na kana, mti wa kuligeuzia.

Matondoni saa 10 jioni. Mashua ililetwa ufuoni ikaachwa ikae yenyewe maji yakishuka.

Siku ya 3, mwezi 27. Matondoni, ubavu wa kushoto

Matondoni ni kijiji cha mafundi wa vyombo, na faida yake kubwa ni ufuo: mchanga mgumu wenye mteremko mdogo, na kila kilichosahaulika nyumbani kinapatikana kwa kuazima.

Maji yalikupwa saa 2 na robo asubuhi. Hesabu ya kazi ni hii: chombo kinakauka kama saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa na kuanza kulowa saa mbili na nusu baadaye. Saa tano za kazi, ubavu mmoja. Kwa mashua ya futi 30 usijidanganye kwamba pande mbili zitamalizika kwa kupwa moja. Tezi lilifungwa, farumi yote ikatolewa, na kamba ya kichwa cha mlingoti ikavutwa upande wa kulia maji yakiwa bado magotini, ili mashua ichague kulala upande huo. Ikishalala, magadi manne, miti ya kuegemezea, yalitiwa chini ya mbavu. Gadi likae chini ya taruma, mti wa ndani unaoshika mbao, lisikae katikati ya ubao. Likikaa kwenye ubao mtupu huufinya ndani na misumari hulegea.

Kwanza kukwangua. Magamba ya bahari yalitolewa kwa panga butu lililoshikwa kwa mikono miwili, kutoka mkukuni kwenda juu, kisha kwa gamba la nazi na mchanga. Panga kali hukata mbao na kuacha ngazi ndogo ndogo, na ngazi hizo hushika maji kama magamba yenyewe.

Pili moto. Mienge ya makuti makavu ilipitishwa chini ya mbao, ikitembea muda wote, hadi mbao zikatoa jasho. Hapo ndipo mdudu atobolaye mbao hufa. Mwenge ukisimama mahali pamoja kwa hesabu ya kumi, lami na pamba ya mshono huo ndiyo inayoungua, na umejitafutia kazi ya mchana mzima.

Tatu kutafuta mianya. Hii ni kazi ya macho. Ubao ukikauka baada ya moto, mshono unaopitisha maji hubaki na mstari mweusi wa unyevu kwa dakika kumi zaidi kuliko mingine. Fundi alipita na kipande cha chaki na kutia alama saba, tano kati ya hizo zikiwa kwenye mbao mbili za chini, jirani na mkuku. Pamba ilisokotwa kwa unene wa penseli, ikachovywa mafuta ya papa, ikapigwa kwa patasi butu na nyundo ya mti, tabaka mbili na si zaidi. Kosa la vijana ni kupiga kwa nguvu hadi pamba izame: mshono ule unaziba, ubao unasukumwa, na mshono wa pili unafunguka. Sauti ndiyo kipimo. Nyundo ikianza kulia kwa ukavu, kama inayopiga mti mzima, acha.

Maji yalirudi saa 5 kasoro. Deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta wa kulinda mbao, haikupakwa; hupakwa mbao zikiwa kavu na muda haukubaki.

Siku ya 4, mwezi 28. Ubavu wa kulia, kisha deheni

Usiku, maji yalipokupwa tena karibu saa 3, ubavu wa kushoto ulipakwa deheni kwa mwanga wa taa za kichwani. Asubuhi, kupwa ya saa 3, ikawa zamu ya kulia: kukwangua, moto, alama tatu tu za chaki, pamba, na deheni juu yake, kwa kuwa upande huu kazi ilikuwa ndogo.

Deheni iliyotumika: ndoo moja ya lita 20 ya chokaa iliyochekechwa mara mbili, na kilo sita za shahamu, mafuta ya mnyama, iliyoyeyushwa. Shahamu humiminwa kidogo kidogo huku mtu anakanda, hadi iwe kama ugali mwepesi usioshika kidole. Ikiwa na mafuta mengi huteleza na kuondoka kwa siku mbili. Ikiwa na chokaa nyingi hukauka na kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

Kwa chombo cha mizigo deheni hupakwa nene, kwa sababu kazi yake ni kulinda mbao. Kwa shindano hupakwa nyembamba. Na hapa ndipo mashua nyingi hupoteza mwendo bila wenyewe kujua. Deheni hupakwa kwa kiganja, na kiganja huacha alama: vidole vinne, mfereji, vidole vinne, mfereji. Ikikauka hivyo ubavu mzima unakuwa na mistari iliyokwenda juu na chini, kinyume na maji yanavyopita. Baada ya kupaka, mtu wa pili alifuata na kiganja kilicholowa maji ya chumvi, akafuta kwa urefu kutoka gubetini kwenda tezini bila kuinua mkono mpaka ufike mwisho wa ubao. Ukipitisha shavu karibu na ubavu na kutazama dhidi ya jua, mistari iliyobaki inaonekana yote.

Mashua haikuachwa juu kwa siku zaidi. Mbao zikikaa kavu kwa jua la kaskazi hupungua, mianya mipya hufunguka, na kalafati yote ya jana, ile pamba ya kuziba mianya, inakuwa bure. Jioni ilielea. Ngama, chini kabisa ndani ya chombo, ilijaa maji hadi vifundoni kwa saa mbili za kwanza, ikafuliwa, yaani maji yakachotwa nje, ikajaa nusu yake, ikafuliwa, na kufikia saa 4 usiku ilikuwa inatoa jasho tu. Hiyo ni dalili nzuri. Mashua inayoingiza maji kwa kiasi kile kile kila saa ndiyo ya kutiliwa shaka.

Siku ya 5, mwezi 29. Tanga

Tanga hili lina msimu mmoja. Tanga jipya kabisa halifai kushindana: pamba hunyooka siku za mwanzo, na halinyooki sawa. Tumbo ambalo fundi alilikata mbele linahamia nyuma, na tumbo la nyuma huinamisha chombo bila kukisukuma. Wenye haraka hulivuta tanga jipya kwa nguvu siku ya kwanza, wakaliharibu kwa miaka yote litakayoishi. Tanga jipya hutwekwa siku tatu nne kwenye upepo mwepesi, likalowa na kukauka, kisha dasi, kamba ya pembezoni mwa tanga, ikaangaliwa upya.

Dasi ndiyo iliyokuwa na tatizo hapa. Kamba iliyoshonwa pembezoni upande wa foromali ilikuwa imepungua kuliko kitambaa, na tanga likitwekwa lilikuwa na mikunjo midogo ikitoka kwenye foromali kama ngozi ya kiwiko. Mshono wa dasi ulifumuliwa kwa pima mbili kutoka pembe ya goshi, kamba ikaachiwa upana wa vidole vitatu, ikashonwa tena kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, mishono minne kwa kila shibiri. Mikunjo yote haikuondoka. Robo tatu iliondoka, na ile iliyobaki hujificha upepo ukiwa na nguvu.

Mapande ya marduf ni kumi. Lile la pili kutoka nyuma lilikuwa na uzi uliochakaa kwa urefu wa mkono, likashonewa kiraka upande mmoja tu. Kiraka cha pande mbili ni kizito, hutengeneza ubao katikati ya tanga.

Gofia, kapi ya kupandishia tanga, ilifunguliwa, ikatolewa mchanga, ikapakwa shahamu iliyobaki. Henza, kamba nene inayobeba foromali, iligeuzwa, mwisho wake wa juu ukawa wa chini, kwa kuwa sehemu inayokaa kichwani mwa mlingoti ndiyo inayokatika na hakuna anayeiona akiwa chini.

Siku ya 6, mwezi 1. Mazoezi, Shela

Mwezi uliandama jana magharibi. Maji ya kujaa saa 10 na nusu jioni. Asubuhi mashua ilishuka na maji yanayokupwa, ikapita mbele ya mji wa Lamu na kutia nanga Shela.

Farumi kwanza. Mkutano wa manahodha uliamua kwamba kila kiroba kitakachoondoka na mashua kirudi nayo, kavu au kimelowa. Kanuni nzuri. Bila hiyo mtu hupakia viroba thelathini vya kubishia, akavitupa baharini upepo unapomgeukia nyuma, na shindano likawa la kununua mchanga. Tulipima kwa viroba 16 na watu 12, kisha viroba 12. Kwa kaskazi ya mchana ule, 16 vilikuwa vizito: gubeti lilikata wimbi badala ya kulipanda. Kumi na mbili ndiyo ikawa hesabu, viwili kati yake vikiwa huru, vya kuhamishwa goshini, upande unakotoka upepo, kila tanga linapogeuzwa.

Ubao wa kukalia nje una futi 14, na mguu wake huingia chini ya ukingo wa demanini, upande unakoelekea upepo. Uchaguliwe mti mkavu usio na kifundo katikati, maana ni pale pale kwenye kifundo unapokatika, na wanaoanguka ni watatu wazito kuliko wote. Anayekaa mwisho wa ubao ndiye anayeona tanga vizuri; nahodha mwenye akili humsikiliza.

Halafu kugeuza tanga, mara 23 mchana mzima, na hii ndiyo sehemu ya kusemwa kwa urefu.

Tanga la mashua linakaa upande mmoja wa mlingoti. Wakati wa kubisha, chombo hakipitishi gubeti kwenye upepo; ukijaribu, tanga hulala juu ya mlingoti, chombo kinasimama, kinaanza kurudi kinyumenyume, na mlingoti unabeba mzigo kwa upande ambao hakuna kamba. Kwa hiyo hugeuzwa kwa nyuma: kana inavutwa, chombo kinauacha upepo, tezi linapita kwenye upepo, na wakati huo foromali inasimamishwa wima mbele ya mlingoti na kupelekwa upande wa pili.

Watu sita wana kazi. Wawili gubetini kwenye mguu wa foromali: mmoja anaachia goshi, mwingine anauvuta mguu uje karibu na mlingoti. Mmoja kwenye jarari, kamba ya kupandishia inayopita kwenye gofia, alegeze shibiri mbili tu ili kitanzi kinachoishika foromali kipite. Mmoja anaibeba demani na kukimbia nayo kwa mbele, nje ya kila kitu, bila kuiachia ipigwe na upepo. Wawili kwenye kamba za mlingoti: ya zamani inafunguliwa, ya upande mpya inakazwa kabla tanga halijajaa. Waliobaki wanahamisha viroba viwili na ubao, na kukaa kimya. Kelele ndiyo inayofanya watu wawili wafungue kamba moja.

Mara ya kwanza ilichukua sekunde 70. Mwisho wa siku 35. Kila mara mashua inapoteza urefu wake kama mara nne kwenda demanini, kwa hiyo nahodha anayebisha kwa hatua ndefu tatu humshinda anayebisha kwa hatua fupi sita hata kama wa pili anaelekea juu zaidi. Kosa lililojirudia ni la kamba ya mlingoti: ilikuwa inafungwa kwa fundo la kawaida, nalo likilowa halifunguki. Lilibadilishwa kwa kitanzi na kipande cha mti cha kuchomoa.

Siku ya 7, mwezi 2. Shindano

Kupwa saa 5 asubuhi, kujaa saa 11 na dakika 10 jioni. Kuanza kulipangwa saa 8 na nusu, maji yakiwa yanaingia kwa nguvu. Njia: kutoka Shela kupanda mfereji, kupita mji wa Lamu, hadi boya karibu na mdomo wa Mkanda, kurudi Shela, mzunguko mmoja. Mashua tisa.

Zilipangwa tezi ufuoni na gubeti mferejini, kila moja imeshikwa na watu wawili waliosimama kwenye maji ya kiuno. Matanga yalikuwa yametwekwa yakiwa bado yamekunjwa kwenye foromali kwa vikamba dhaifu vya ukindu, kimoja kila hatua mbili. Bendera ikishuka, demani inavutwa na vikamba hukatika kimoja baada ya kingine kutoka nyuma kwenda mbele. Kikamba kimoja kikiwa imara kupita kiasi tanga linabaki na kiuno kama nyigu. Mashua ya pili kutoka kulia ilipatwa na hilo na kijana akalazimika kuparamia foromali na kisu mdomoni.

Mpangilio wa foromali uliamuliwa kabla: upande wa kushoto. Ukitoka Shela kupanda mfereji upepo unakuja kwa kulia, na aliyekuwa na foromali kulia aliianza safari kwa kugeuza tanga mbele ya watu wote.

Kupanda, maji yanakusukuma na upepo uko ubavuni. Swali ni upande gani wa mfereji. Upande wa Manda uko karibu na upepo kwenye ramani, lakini mikoko yake inaukinga. Ukikaribia kuliko mita mia mbili tanga linapumua. Upande wa Lamu una upepo na vyombo vilivyotia nanga. Katikati, ukielemea kidogo Lamu, ndipo mkondo una nguvu zaidi, na mashua yetu ilikwenda hapo, watu watatu ubaoni, mmoja ngamani na dumu lililokatwa. Mbele ya mji ilikuwa ya nne.

Kutoka ncha ya juu ya mji hadi boya ni kubisha. Hatua ndefu ya kwanza kuelekea bara, kugeuza, hatua ya pili kuelekea Manda, kugeuza. Sekunde 38 na 36, hakuna kamba iliyokwama. Mashua moja ilipitwa hapa, ile iliyogeuza mara tano.

Kisha kosa. Hatua ya tatu ilinyooshwa kuliko ilivyofaa ili boya lipatikane bila kugeuza tena. Maji yalikuwa yamebakiza kama saa mbili kujaa na fungu la tope mdomoni mwa Mkanda lilikuwa limefunikwa, lakini kwa futi mbili na nusu. Mashua yenye viroba 12 na watu 12 inataka karibu tatu. Mkuku uliteleza juu ya tope bila kishindo. Kilichoumia ni shikio, ambalo lilisukumwa juu na kuchomoka kwenye rumada ya chini, chuma kinacholishikia chomboni. Demani ilifunguliwa yote mara moja ili tanga lisisukume zaidi, watu sita wakahamia gubetini kuinua tezi, mmoja akaruka majini na kulirudisha shikio kwa mabega. Kwa maji yanayojaa hakuna haja ya kusukumana na tope; dakika tatu yalikuwa yamekwisha kuinyanyua. Kwa maji yanayokupwa ingekuwa kulala hapo. Mashua mbili zilipita. Rumada ya chini ingekuwa na kipini cha kuzuia shikio lisipande, lisingetoka. Kilikuwepo, kilitolewa Matondoni wakati wa kukwangua na hakikurudishwa.

Kurudi Shela mkondo ulikuwa kinyume, ingawa umeanza kuchoka. Sasa faida ya bamvua ikageuka: kina cha maji kwenye mafungu ya upande wa Lamu kilikuwa kimezidi mita mbili, na huko pembeni mkondo ni nusu ya ule wa katikati. Mashua ilipita nyuma ya vyombo vilivyotia nanga, karibu na ukuta wa mji kiasi cha kusikia watu wakibishana ni ya nani, na kupata nafasi mbili zilizopotea.

Mita mia nne kabla ya Shela upepo ulilegea. Hapo ndoo. Marduf kavu hupitisha upepo mwepesi baina ya nyuzi. Ikilowa nyuzi huvimba na kuushika. Kijana mmoja alisimama kwenye ukingo, mguu mmoja umezungushwa kwenye kamba ya mlingoti, akichota na kurusha kwa mkono wa chini kwenda juu, maji yakafunguka kama wavu na kutua kwenye theluthi ya juu ya tanga, yakashuka yenyewe hadi chini. Ndoo kumi na mbili kwa dakika. Kurusha chini ni kupoteza: kule tanga linalowa kwa mawimbi. Na usiloweshe upepo ukiwa na nguvu, uzito wa maji yale juu ya foromali hukurudisha nyuma.

Wa tatu kati ya tisa. Ya pili ilikuwa mbele kwa urefu wa mashua sita hivi.

Siku ya 8, mwezi 3. Kurudi hadi Mtangawanda

Viroba vinne viliongezwa, vikawa 16, kwa sababu Ghuba ya Manda sasa ni ya kubishwa yote. Kipini cha rumada kilipigwa Lamu kwa chuma cha nusu inchi na kufungwa kwa uzi wa shaba.

Kujaa kulikuwa karibu saa 12 jioni, lakini kwa bamvua Mkanda unapitika mapema. Mashua iliingia saa 9, kwa upondo nusu ya njia. Ghubani hatua saba, kubwa kuelekea bara na fupi kuelekea Pate, kwa kuwa upande wa Pate mafungu yanatoka mbali. Wimbi lilikuwa fupi na chafu. Ngama ilifuliwa mara mbili toka Lamu, madumu manne kila mara, maji yakiwa ya juu ya ukingo na si ya mianya.

Mtangawanda giza likiingia. Foromali iliteremshwa na kulazwa, tanga likaachwa limekunjuka hadi likauke, maana marduf iliyokunjwa na maji ya chumvi hupata madoa meusi kwa siku tatu. Fundo la chini la foromali lilikaguliwa kwa mkono. Kabari moja ilikuwa imetoka nusu, ikagongwa.